Fidia kwa mtoto aliyeumia shuleni

Fidia kwa mtoto aliyeumia shuleni ni fedha ambazo mwanafunzi, akisimamiwa na mzazi au mlezi wake, anaweza kudai mahakamani au nje ya mahakama kwa sababu ameumia akiwa chini ya uangalizi wa shule na kuumia huko kumetokana na uzembe au kosa la shule, mwalimu au mwajiri wao. Si kila jeraha la shuleni huleta fidia. Mtoto akijikwaa akikimbia uwanjani na kuvunjika mkono, huenda hakuna wa kulaumiwa. Akiangukiwa na goli la chuma ambalo halikufungwa chini, na walimu walijua kwamba linayumba, mambo ni tofauti.

Makala hii inaeleza hasa hali ya Tanzania Bara na Kenya, ambazo sheria zake katika jambo hili zina asili moja. Zanzibar ina sheria na mahakama zake, kwa kuwa elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano, na haki za watoto huko zinaongozwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011.

Asili ya sheria

Madai ya namna hii ni sehemu ya sheria ya madhara, yaani tawi la sheria linalohusu makosa ambayo mtu humfanyia mwenzake hata kama hawana mkataba, na ambayo dawa yake ni kulipa. Sheria hiyo haikutungwa na Bunge la Dodoma wala la Nairobi. Ililetwa na utawala wa Kiingereza: Tanzania Bara inatumia kanuni za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na Kenya kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Hukumu za Uingereza zilizotolewa baada ya tarehe hizo hazizifungi mahakama zetu, lakini majaji huzisoma na mara nyingi huzifuata.

Kesi ya zamani inayotajwa zaidi kuhusu walimu ni Williams dhidi ya Eady ya mwaka 1893. Mwalimu alikuwa ameacha fosforasi mahali ambapo wavulana waliweza kuifikia, wakaichezea, na mmoja akaungua. Mahakama ilisema mwalimu anapaswa kuwaangalia wanafunzi wake kama baba mwangalifu anavyowaangalia wanawe. Kipimo hicho kimedumu zaidi ya karne moja, ingawa wakosoaji wamesema, kwa haki kabisa, kwamba baba mwenye watoto wanne hawezi kulinganishwa na mwalimu mwenye darasa la watoto themanini. Siku hizi mahakama huongeza kwamba mwalimu hupimwa pia kwa ujuzi unaotarajiwa kwa mtu wa kazi yake.

Mwaka 1932, katika kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson iliyoanzia mji wa Paisley huko Uskoti, kanuni ilipanuliwa: kila mtu ana wajibu wa kuepuka matendo ambayo angeweza kuona mapema kwamba yatamdhuru jirani yake, na jirani ni yule anayeguswa kwa karibu na matendo hayo. Hakuna jirani wa karibu kuliko mtoto aliyekabidhiwa shule tangu asubuhi.

Mambo ya kuthibitisha

Anayedai anatakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba shule ilikuwa na wajibu wa kumwangalia mtoto, kwamba ilishindwa kuutimiza, na kwamba kushindwa huko ndiko kulikosababisha jeraha. La kwanza halina ubishi mkubwa ikiwa mtoto alikuwa darasani, bwenini, kwenye basi la shule au katika safari ya shule. Ugumu uko katika la pili, na unaonekana vizuri zaidi katika kesi zenyewe.

Mwaka 1955 Mahakama ya Mabwana ya Uingereza iliamua kesi ya halmashauri ya Carmarthenshire. Mtoto wa miaka minne alitoka peke yake katika shule ya chekechea hadi barabarani, na dereva wa lori akafa alipokwepa kumgonga. Mwalimu alikuwa ameondoka kwa dakika chache kumfunga bandeji mtoto mwingine, na mahakama haikumlaumu. Iliilaumu halmashauri, kwa kuwa lango ambalo mtoto mdogo kiasi hicho anaweza kulifungua na kutokea barabarani ni kosa la mwenye shule. Tofauti hii ina maana kubwa kwa walimu, ambao mara nyingi hudhani kwamba kila kesi ni kesi dhidi yao binafsi.

Katika kesi ya Beaumont dhidi ya Surrey ya mwaka 1968, mpira mrefu wa kuvutika uliotolewa kwenye kifaa cha mazoezi ulitupwa katika pipa la taka lililo wazi. Wanafunzi waliuokota wakauchezea, na mmoja akaumia jicho. Shule ilionekana kuwa na makosa, maana kila aliyefundisha vijana anajua watakachofanya na kitu kama hicho. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Barnes dhidi ya Hampshire, shule ya watoto wadogo ilipatikana na kosa kwa kuwaachia watoto dakika tano kabla ya muda, wakati wazazi hawajafika kuwapokea.

Lakini shule hushinda pia. Mwaka 1932 shule ya Wellingborough haikuwajibishwa kwa jicho la mwanafunzi aliyepigwa na mpira wa gofu ambao mwenzake aliupiga kwa kijiti, kwa kuwa uangalizi wowote wa kawaida usingeweza kuzuia tukio la ghafla namna hiyo. Wala shule haitakiwi kuondoa kila kitu ambacho mtoto anaweza kukirusha. Mahakama moja ya London ilikataa mwaka 1953 kuilaumu shule kwa kuwa na lundo la makaa ya mawe uwanjani.

Katika Afrika ya Mashariki hatari zenyewe zina sura yake: vyoo vya shimo, kuta na sakafu za majengo yaliyojengwa haraka, visima visivyofunikwa, jikoni zenye masufuria makubwa ya uji, mabasi yaliyojaa kupita kiasi, na moto wa bweni. Moto wa Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, wa Machi 2001 uliua wanafunzi 67. Mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni unaotaka madirisha ya bweni yasiwe na nondo, milango ifunguke kwa nje na isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, na nafasi kati ya vitanda isipungue mita 1.2. Kuvunja mwongozo kama huo si lazima kuwe ushahidi kamili wa uzembe, lakini shule iliyouvunja hupata kazi ngumu ya kujieleza.

Kuhusu vyoo, hukumu ya kujifunza imetoka Afrika Kusini. Mtoto wa miaka mitano alikufa katika choo cha shimo cha shule huko Limpopo mwezi Januari 2014. Mahakama ya chini ilikataa madai ya familia ya fidia, lakini Desemba 2019 Mahakama Kuu ya Rufani ya nchi hiyo ilibadili uamuzi na kuipa familia fidia kwa maumivu ya moyo na majonzi.

Shule hupenda kujitetea kwamba mtoto mwenyewe alikuwa mtundu. Utetezi huo upo kisheria, na ukikubaliwa hupunguza fidia, ila mtoto hapimwi kwa akili ya mtu mzima. Anapimwa kwa mtoto wa umri wake. Katika Gough dhidi ya Thorne, kesi ya ajali ya barabarani ya mwaka 1966, msichana wa miaka 13 hakuhesabiwa kuwa na sehemu ya kosa, na Mahakama ya Rufani ya Kenya imewahi kusema kwamba mtoto wa chini ya miaka 10 ni shida kumbebesha lawama.

Viboko

Majeraha ya adhabu yanahitaji maelezo ya pekee kwa sababu sheria za nchi hizi mbili hapa zinaachana kabisa.

Kenya ilifuta adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 53, inamlinda kila mtoto dhidi ya adhabu ya kikatili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inafanya adhabu ya kupiga kuwa kosa la jinai lenye faini isiyozidi shilingi 100,000 za Kenya au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kwa hiyo nchini Kenya mwalimu hawezi kusema alipiga kidogo tu.

Tanzania Bara bado inaruhusu. Kanuni za mwaka 2002 zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, mwanafunzi wa kike apigwe na mwalimu wa kike isipokuwa kama shule haina, na kila adhabu iandikwe katika kitabu. Mwalimu aliyefuata masharti haya ana kinga. Aliyezidisha idadi, aliyepiga kichwani au mgongoni, au aliyeinua fimbo bila idhini yuko nje ya kanuni, na alichofanya ni shambulio kama la mtu mwingine yeyote. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, nayo inakataza kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kikatili au ya kudhalilisha. Katika kesi za namna hii kitabu cha adhabu huwa shahidi muhimu kuliko watu. Kikikosekana, au kikiwa hakina chochote kwa siku ya tukio, shule imeshajidhuru yenyewe.

Nani hudaiwa

Mwalimu mmoja mmoja anaweza kushtakiwa, lakini mshahara wake hautoshi kulipia mguu uliokatwa. Ndiyo maana madai huelekezwa pia kwa mwajiri, kwa kanuni kwamba mwajiri hujibu kosa ambalo mfanyakazi alilifanya katika shughuli ya kazi. Katika shule binafsi mwajiri ni mwenye shule: kampuni, shirika la dini au bodi ya wadhamini. Katika shule ya serikali ya Tanzania ni halmashauri au serikali yenyewe. Kenya walimu wa shule za umma huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, isipokuwa walimu wa chekechea walio chini ya kaunti, na shule yenyewe hushtakiwa kupitia bodi yake ya usimamizi.

Kwa muda mrefu waajiri walijitetea kwamba mwalimu anayemnajisi mwanafunzi hafanyi kazi aliyotumwa, hivyo wao hawahusiki. Mahakama ya juu ya Uingereza iliukataa utetezi huo mwaka 2001 katika kesi ya Lister dhidi ya Hesley Hall. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya ilifanya vivyo hivyo katika kesi ya wasichana wawili walionajisiwa na mwalimu wao. Ilisema Tume ya Huduma za Walimu, shule na serikali wanawajibika pamoja na mwalimu, na ikaamuru wasichana hao walipwe shilingi milioni 5 za Kenya kwa jumla. Hoja moja ya hukumu hiyo ilikuwa nzito kuliko fedha zenyewe: mwajiri hawezi kumhamisha mwalimu mwenye tabia hiyo kutoka shule moja hadi nyingine kisha akadai hajui kitu. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani iliunga mkono uamuzi huo.

Shule haiwezi pia kukwepa kwa kukodi watu wa nje. Katika kesi ya Woodland dhidi ya Essex, iliyoamuliwa mwaka 2013, msichana wa miaka 10 alipata madhara makubwa ya ubongo katika somo la kuogelea lililofundishwa na watu wa nje. Mahakama ya juu ya Uingereza iliona kwamba wajibu wa shule wa kuhakikisha mtoto anaangaliwa katika masomo yake hauhamishiki. Shule zinazokodi mabasi au mabwawa ya kuogelea zinafaa kuisoma hukumu hii.

Ajali ya basi ina njia yake nyepesi kidogo, kwa kuwa nchi zote mbili zinalazimisha bima ya gari dhidi ya madhara kwa watu wengine. Mtoto aliyeumia ndani ya basi hulipwa na bima baada ya kosa la dereva kuthibitishwa. Bima ya afya ni kitu kingine. Hiyo hulipia matibabu tu, hailipi maumivu wala ulemavu.

Muda na notisi

Madai mengi mazuri hufia hapa. Tanzania Bara, Sheria ya Ukomo inatoa miaka mitatu kufungua kesi ya madhara, na kwa mtoto muda hauanzi kuhesabiwa hadi afikishe umri wa utu uzima. Nafuu hiyo huwapumbaza wazazi. Baada ya miaka kumi mwalimu shahidi amehamishwa, wanafunzi wenzake wametawanyika na faili la hospitali halipatikani.

Anayetaka kuishtaki serikali ya Tanzania lazima kwanza atoe notisi ya maandishi ya siku 90 akieleza madai yake, na nakala impelekee Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, sharti hili linazihusu pia halmashauri, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe katika kesi. Akiachwa, shauri lote huharibika. Kesi yenyewe hufunguliwa Mahakama Kuu. Maana yake ni kwamba mzazi wa kijijini ambaye mwanawe ameumia katika shule ya msingi ya serikali hawezi kwenda mahakama ya wilaya iliyo jirani naye, wakati mzazi wa shule binafsi anaweza. Ni vigumu kuona haki katika mpangilio huo.

Kenya nayo inatoa miaka mitatu kwa madai ya kawaida, lakini kesi ya madhara dhidi ya serikali inatakiwa kufunguliwa ndani ya miezi 12. Zipo nafuu kwa watoto, zenye masharti yake, na si busara kuzitegemea. Madai madogo ya majeraha, yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya, yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo inatakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60.

Mtoto hafungui kesi mwenyewe. Huandikwa kwa jina lake, ikisimamiwa na mtu mzima ambaye sheria humwita rafiki wa karibu. Kwa kawaida ni baba, mama au mlezi. Kwa wasio na uwezo wa kumlipa wakili, Kenya ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 na Tanzania ya mwaka 2017, na yapo mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu cha Dar es Salaam na Kituo Cha Sheria cha Nairobi.

Ushahidi

Hatua za siku za kwanza ndizo zinazobeba kesi. Mtoto hupelekwa hospitali, na ikiwa kuna kosa la jinai au ajali ya barabarani, polisi hutoa fomu ya daktari kujaza: Tanzania huitwa PF3 na Kenya P3. Tanzania, fomu hiyo huchukuliwa kabla ya matibabu pale hali inaporuhusu. Mtoto anayevuja damu hutibiwa kwanza na fomu hufuata. Picha za jeraha na za mahali penyewe (ukuta uliobomoka, lango, waya wa umeme) zinafaa kupigwa kabla shule haijafanya matengenezo. Risiti zote hutunzwa, hata za bodaboda na dawa za dukani. Majina ya wanafunzi waliokuwapo huandikwa mapema, na mzazi huandika barua kwa mkuu wa shule akiomba maelezo ya tukio, akibaki na nakala iliyogongwa mhuri.

Kiasi cha fidia

Mahakama hugawa fidia katika mafungu mawili. Fidia maalumu ni gharama zinazohesabika: matibabu, nauli, magongo. Lazima zitajwe moja moja katika hati ya madai na zithibitishwe. Mahakama za Tanzania na Kenya haziyumbi katika hili, na mzazi aliyetumia laki nane bila risiti anaweza kuondoka bila hata moja. Fidia ya jumla ni kwa yasiyo na risiti, yaani maumivu, ulemavu, kukosa masomo na kupungukiwa uwezo wa kujipatia riziki ukubwani. Hii hukadiriwa na hakimu au jaji kwa kulinganisha na kesi za majeraha yanayofanana. Jicho la mtoto wa darasa la tatu ni jicho atakaloishi bila hilo kwa miaka sitini, na wakili mzuri hulieleza hivyo. Mtoto akifariki, madai hufunguliwa na wazazi au msimamizi wa mirathi chini ya sheria za ajali zinazosababisha vifo.

Kushinda si kulipwa. Mali ya serikali haikamatwi wala kupigwa mnada kwa ajili ya deni la hukumu, hivyo familia iliyoshinda hungoja hazina itenge fedha, na kungoja huko kunaweza kuchukua miaka.

Kuyamaliza nje ya mahakama

Kesi nyingi hazifiki kortini. Mkuu wa shule, mwenyekiti wa kijiji na wazee huketi na mzazi, shule hutoa fedha za hospitali na pengine gunia la mahindi, na karatasi husainiwa kwamba mambo yamekwisha. Kwa jeraha dogo hakuna ubaya, na uhusiano wa mzazi na shule huponywa haraka kuliko mahakama ingeweza kufanya. Hatari iko kwa jeraha ambalo ukubwa wake bado haujulikani. Mtoto aliyepigwa kichwani anaweza kuonekana mzima kwa wiki mbili kisha akaanza kuanguka kifafa, na fedha za makubaliano zimekwisha. Kosa la jinai, kama unajisi au kujeruhi vibaya, si mali ya wazazi na haliwezi kumalizwa kwa kikao. Tanzania, Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa.

Fomu ambazo shule huwasainisha wazazi kabla ya safari, zikisema shule haitahusika na lolote, hazifuti wajibu wa kumwangalia mtoto. Mtoto mwenyewe hakuingia mkataba wowote, na haki ya kudai ni yake.

Kesi ikishafunguliwa, rafiki wa karibu hana uhuru wa kuimaliza atakavyo. Sheria za mwenendo wa madai za nchi zote mbili, zilizotokana na ile ya India ya mwaka 1908, zinamtaka apate ruhusa ya mahakama kabla ya kufanya mapatano au kupokea fedha kwa niaba ya mtoto. Mahakama huangalia kama kiasi kinamfaa mtoto, na inaweza kuamuru fedha ziwekwe benki hadi afikishe miaka 18, huku sehemu ikitolewa kwa karo na matibabu. Mapatano yaliyofanywa bila ruhusa hiyo yanaweza kutenguliwa kwa upande wa mtoto, wakati shule iliyoyasaini haiwezi kuyakimbia.